Anayechagua nyimbo ndiye anayeamua nani atacheza

Desemba ikifika, Masama hujaa. Wanaoishi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani kula sikukuu, na wikiendi haipiti bila turubai kusimamishwa mahali: kipaimara, harusi au ubatizo. Ndafu inakatwa, mbege inazunguka, kisha muziki unafunguliwa. Hapo ndipo bibi na babu husogezewa viti pembeni, wakabaki watazamaji hadi jioni.

Si kwamba hawawezi kucheza. Mara nyingi hakuna aliyewachagulia wimbo.

Wengi wao walikulia katika muziki wa dansi wa Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab na NUTA Jazz. Nyimbo nyingi za enzi hizo huanza taratibu kwa mashairi, kisha magitaa na tarumbeta hupandisha kasi kuelekea mwisho. Hivyo mwili wa mzee hupata muda wa kupata joto kabla ya mwendo kuchanganya. DJ anayekata wimbo dakika ya pili anamnyima sehemu aliyokuwa akiisubiri.

Kwa afya, hilo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Wenye miaka 65 na kuendelea wanashauriwa pia kufanya mazoezi ya kujenga nguvu na uwiano wa mwili siku 3 au zaidi kwa wiki, ili kupunguza hatari ya kuanguka. Kucheza dansi kunafundisha miguu kazi hiyo.

Buenos Aires, Argentina, kuna utaratibu ambao familia inaweza kuuiga. Katika kumbi za tango, nyimbo hupigwa kwa mafungu ya tatu au nne zinazofanana, kisha unafuata muziki mfupi wa aina nyingine ili watu wapumzike na kubadilisha wenza. Kwenye sherehe ya Masama, fungu moja linaweza kuwa zilipendwa, linalofuata kwaya au injili, kisha bongo fleva ya vijana. Kila rika linajua zamu yake inakuja.

Sauti nayo ipimwe. WHO inasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa mtu mzima kwa saa 40 tu kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75. Kadiri sauti inavyopanda, muda salama unapungua haraka. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye karibu nawe akusikie, punguza. Spika zisielekezwe kwenye viti vya wazee wala mahali wanapolala watoto wachanga. Masikio yakivuma baada ya sherehe, yalizidiwa.

Maandalizi yenyewe hayana gharama. Wiki moja kabla, mzazi akae na bibi na babu, awaulize nyimbo tano walizocheza ujanani, azitafute na kumkabidhi DJ orodha. Nyimbo za vijana nazo azisikilize hadi mwisho, maana kuna maneno yasiyofaa mbele ya watoto.

Siku ikifika, wimbo wa kwanza wa bibi ukianza, mjukuu mmoja atumwe akamshike mkono.