Nyumba isiyo na kibali: Sheria ya Kenya yasemaje kabla ya tingatinga kufika?

Septemba 15, 2011, wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, walipewa ilani ya siku saba. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege iliwataka wahame, kwa maelezo kwamba makazi yao yalikuwa katika ardhi ya umma na katika njia ya ndege.

Wakazi hao, kupitia chama chao cha Mitu-Bell, walikimbilia Mahakama Kuu na kupata agizo la muda la kuzuia ubomoaji. Hata hivyo, Novemba 19 mwaka huo, agizo hilo likiwa bado na nguvu, nyumba zao zilibomolewa.

Shauri lililofuata lilichukua zaidi ya miaka tisa, na limekuwa dira ya kesi nyingi za ubomoaji nchini humo.

Aprili 2013, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa haki za wakazi zilikiukwa, ikiwamo haki ya makazi iliyomo katika Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010. Aliitaka serikali irudi mahakamani na kueleza sera na mipango yake ya kuwapatia makazi watu walioondolewa.

Julai 2016, Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo. Ilisema jaji akishatoa hukumu amemaliza kazi yake, na hawezi kuendelea kusimamia utekelezaji.

Januari 11, 2021, Mahakama ya Juu ilikuwa na mtazamo tofauti. Ilisema Ibara ya 23 inairuhusu mahakama kutoa maagizo ya aina hiyo pale haki za msingi zinapovunjwa. Aidha, iliamua kuwa watu wasio na ardhi walioweka makazi katika ardhi ya umma, ingawa hawana hati, wana haki ya makazi inayostahili kulindwa. Jalada lilirudishwa Mahakama Kuu ili nafuu wanazostahili wakazi ziamuliwe.

Hukumu hiyo haikuhalalisha ujenzi holela, wala haikuinyima serikali uwezo wa kubomoa. Ilichosisitiza ni kwamba kosa la mjenzi haliipi mamlaka ruhusa ya kuruka sheria.

Sheria yenyewe ina njia mbili, na mwenye nyumba hana budi kujua ipi inamhusu.

Njia ya kwanza ni ya mtu aliyejenga bila kibali cha kaunti, au aliyekiuka masharti ya kibali hicho. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kaunti humpa ilani ya utekelezaji inayotaja kosa na hatua za kurekebisha. Asiporidhika, ana siku 14 za kukata rufaa katika kamati ya usuluhishi ya kaunti, nayo hutakiwa kuamua ndani ya siku 30. Baada ya hapo, mlango uliobaki ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Siku hizo 14 ndizo zinazowaponza wengi. Anayeikunja ilani na kuitia mfukoni, akitumaini kuongea na maofisa baadaye, hujikuta mahakamani akiulizwa kwa nini hakukata rufaa mapema.

Njia ya pili ni ya wanaokalia ardhi isiyo yao. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2016 yanataka ilani ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa. Kwa ardhi ya umma, ilani hiyo hutolewa kwa maandishi, katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika gazeti linalosambazwa nchi nzima na kupitia redio. Aliyeipokea anaweza kuomba mahakama iifute, iibadilishe au iisimamishe.

Siku ya kuondolewa ikifika, wahusika wanapaswa kujitambulisha na kuonyesha idhini rasmi, na utu wa wanaoondolewa uheshimiwe.

Somo la Mitumba, hata hivyo, ni zito kuliko maandishi ya sheria. Wakazi walifika mahakamani kwa wakati na wakapewa agizo walilolihitaji. Walishinda katika mahakama ya juu kabisa nchini, lakini ushindi huo ulikuja wakati nyumba walizokwenda kuziombea ulinzi zilikuwa zimebomolewa zamani.