Baiskeli ya Tangazoni na Baiskeli ya Dukani

Msimu ukishafungwa na fedha za karafuu zikishaingia mkononi, wengi katika wanachama wetu hununua kitu kimoja cha kudumu. Na kwa mtu ambaye shamba lake liko mbali na barabara, kitu hicho mara nyingi ni baiskeli mpya. Safari hii maswali yaliyotufikia hayakuwa ya mikarafuu wala ya bei, bali ya baiskeli. Mwanachama mmoja ametueleza kuwa aliona picha, akasoma maelezo, akalipa; na alipoifikisha nyumbani fundi akamwambia kwamba nusu ya vitu vilivyotajwa havimo. Ataka kujua kama ameibiwa.

Jawabu yetu ni kwamba huenda ameibiwa na huenda hakuibiwa, na ili tufahamiane yafaa kwanza tueleze baiskeli inavyoundwa. Si wengi wajuao kwamba kiwanda ambacho jina lake limeandikwa kwenye fremu mara nyingi hakikutengeneza sehemu kubwa ya vitu vilivyofungwa juu yake. Fremu yatoka mahali pengine, tairi pengine, mnyororo pengine, na gia aghlabu kwa watu wa Shimano, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai, Japani. Mwenye kiwanda hukusanya, hufunga, hupaka jina. Basi kitu kimoja kikikosekana, hutiwa kingine badala yake, na kitabu cha matangazo kilichokwisha pigwa chapa miezi mingi nyuma hakibadilishwi. Hayo yalionekana khasa mwaka 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, ambapo vipuri vya baiskeli viliadimika ulimwengu mzima na viwanda vikafunga vilivyopatikana. Chini kabisa ya tangazo, kwa herufi ndogo kama chawa, utakuta maneno kwamba sehemu zaweza kubadilishwa bila ya taarifa. Maneno hayo ndiyo kinga yao.

Hiyo ndiyo sababu ya haki. Iko na nyingine isiyo ya haki, nayo twaijua vizuri sisi tulio wakulima wa karafuu. Mtu akitandaza karafuu zilizokauka vyema juu ya gunia, na chini yake akashindilia makonyo na karafuu zilizovunda, mpimaji hamwamini kwa macho. Hupeleka mkono mpaka chini. Katika baiskeli, juu ya gunia ni ile sehemu ya nyuma inayohamisha mnyororo kutoka gia moja kwenda nyingine. Hiyo yaonekana, yang'aa, na ina jina. Muuzaji huweka hapo kitu cha daraja nzuri, akatangaza kwamba baiskeli nzima ni ya daraja hiyo. Kumbe mnyororo, mikono ya kanyagio, breki na vitovu vya magurudumu ni vitu visivyo na jina lolote. Hata hilo jina la Shimano pekee halitoshi, kwa kuwa wao wenyewe wana madaraja mengi: Tourney ndiyo ya chini, kisha Altus, Acera, Alivio, mpaka Deore na zilizo juu yake. Mwenye kusema "gia za Shimano" bila ya kutaja daraja hakusema kitu.

Na hizo gia 21 zinazopigiwa kelele? Hesabu yake ni tatu za mbele mara saba za nyuma, na kadhaa kati yake zinakaribiana hata huzitambui tofauti. Lakini liko jambo kubwa zaidi kwa mchukuzi wa mizigo. Katika baiskeli nyingi za bei ndogo, hizo gia saba za nyuma zimeshikana pamoja na kuskurubiwa juu ya kitovu cha gurudumu, na gololi za upande wa kulia zimebaki ndani, mbali na mwisho wa ekseli. Kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila ya kushikwa. Ukiweka gunia juu na kupita kwenye mashimo, ekseli hupinda, na baadaye hukatika. Iko namna bora, ambayo gololi za upande huo zimesogezwa mpaka karibu na fremu. Lakini hiyo ni ghali, na si ajabu tangazo likaonyesha hiyo na dukani ukapewa ile. Tena kila gia zikizidi, njiti za upande wa kulia husimama wima zaidi na gurudumu hudhoofika. Kwa maoni yetu, mwenye kubeba mizigo mizito katika njia isiyo na vilima vingi heri anunue baiskeli ya gia moja. Wa vilimani afanye hesabu yake mwenyewe, kwani miguu ni yake.

Sasa tuje kwenye rimu na breki, ambapo tofauti ya tangazo na kitu chenyewe yaweza kumvunja mtu shingo. Tangazo husema rimu ni za "aloi". Neno hilo maana yake ni mchanganyiko wa madini tu. Hata chuma cha pua ni mchanganyiko. Mnunuzi hufahamu kwamba ni alumini, naye muuzaji humwacha afahamu hivyo. Pengine rimu za alumini ziko kweli pichani, na baiskeli iliyofunguliwa katika boksi ina rimu za chuma zilizopakwa rangi ya fedha au kutiwa kromi. Mtu husema: chuma si kibaya, babu zetu wametumia chuma. Ni kweli, na kwa uimara chuma hakina kasoro. Kasoro yake ni maji. Breki ya mpira ikishika rimu ya kromi iliyorowa hushika kidogo mno, mara kadhaa pungufu ya ikiwa kavu, ilhali rimu ya alumini ikirowa hupungua lakini si kwa kiasi hicho. Msimu wetu hukutana na mvua za vuli. Mfikirie mtu anayeteremka kilima kati ya Wete na Chake Chake kwa barabara ya zamani, mvua inanyesha, gunia liko nyuma, na breki inateleza kama imepakwa mafuta ya nazi. Huyo hakununua rangi, alinunua kusimama; na kusimama hakupewa.

Dawa yake ni sumaku ndogo, hata ile iliyotolewa katika spika mbovu ya redio. Iguse kwenye rimu: ikinata, hiyo ni chuma, na maneno ya muuzaji yamekwisha. Iguse pia kwenye usukani, kwenye mikono ya kanyagio na kwenye nguzo ya kiti. Si lazima vyote viwe alumini. Lazima viwe vile ulivyoambiwa. Kama baiskeli ina breki za diski, tazama magurudumu yote mawili, maana baadhi zina diski mbele tu, na picha ilipigwa kwa upande wa mbele. Tazama vilevile kama breki yavutwa kwa waya au kwa mafuta, kwa kuwa jina ni moja na bei si moja.

Tairi nazo zina kitendawili chao. Inchi 26 zimeandikwa juu ya tairi za namna mbalimbali ambazo haziingiliani. Ile ya 26 kwa 1 3/8 hukaa juu ya rimu ya milimita 590. Ile pana ya 26 kwa 1.95, ya baiskeli za milimani, hukaa juu ya rimu ya milimita 559. Tofauti ni milimita 31, na hapana fundi awezaye kuitia moja mahali pa nyingine. Baiskeli kubwa za zamani za 28 kwa 1 1/2 zina rimu ya 635. Basi usiulize inchi. Soma ubavuni mwa tairi zile namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari, na ile ya tarakimu tatu ndiyo ya kushika. Kisha, kabla ya kulipa, pita kwa fundi wa mtaani kwako umwulize kama tairi ya namba hiyo yapatikana kisiwani. Tumeona baiskeli nzuri kabisa zimetundikwa ukutani kwa kukosa tairi moja.

Keria haihitaji maneno mengi. Keria nyingi za kisasa zimepigwa chapa ya uzito wa mwisho, na mara nyingi utakuta kilo 25. Wenzetu hupakia gunia zima juu yake na kisha humlaumu fundi. Ukitaka keria ya mzigo, ichomelee ya vyuma, na uhesabu njiti: baiskeli za Kiingereza za zamani zilikuwa na njiti 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu mzigo huwa nyuma. Siku hizi 36 kila upande ndiyo desturi, nazo zafaa, ila zisiwe pungufu ya hizo. Unene wa milimita 2 ni wa kawaida, wa 2.3 ni bora kwa mchukuzi.

Na majina? Wako wazee wetu ambao wakiona neno Raleigh husalimu amri. Kazi ya kuunda baiskeli za Raleigh mjini Nottingham ilikoma mwaka 2002. Zipo bado baiskeli mpya zenye jina hilo, na nyingine ni nzuri, lakini jina lilihamishika na kiwanda hakikuhamishika nalo. Hapo zamani hata kitovu cha gia tatu cha Sturmey-Archer kilikuwa kimepigwa mwezi na mwaka kiliotengenezwa, mtu akajua anachonunua. Leo stika huchapishwa popote. Yatakiwa jina lililochongwa au kumwagwa katika chuma chenyewe; lililobandikwa hung'olewa kwa ukucha.

Yule mwanachama wetu aliuliza kuhusu kuibiwa. Sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893, ambayo nchi nyingi zilizokuwa chini yake ziliifuata, iliweka kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Na kilichouzwa kwa maelezo na kwa sampuli pamoja, kulingana na sampuli peke yake hakutoshi. Lakini maelezo ya mdomoni hupeperuka. Kwa hivyo mwombe muuzaji aandike katika risiti, si "baiskeli moja" tu, bali: rimu alumini, ukubwa wa tairi kwa namba zake, gia za daraja fulani, breki za namna fulani, idadi ya njiti. Muuzaji mwaminifu hataona taabu. Anayekataa kuandika, mwache na baiskeli yake, hata kama bei yake ni nafuu. Ikiwezekana boksi lifunguliwe mbele ya macho yako, kwani ziko tairi na kanyagio zinazobadilishwa baina ya boksi na mlango wa duka.

Mwenye risiti iliyoandikwa hivyo na akapewa kitu kingine, asiipande baiskeli wala asiifanyie fundi matengenezo. Airudishe kama ilivyo pamoja na tangazo na risiti, siku ile ile au ya pili yake. Akikataliwa, alete nakala zote mbili kwa katibu wa tawi lake, nasi tutaandika barua kwa muuzaji kwa niaba yake.