Ndoa na Mizani ya Mshahara

Wako wenzetu wengi, wenye asili ya Afrika Mashariki, ambao leo ni raia au wakaazi wa kudumu wa Uingereza. Mmoja wao akija Tanga likizo akaoa, arusi huwa ya siku chache, bali kumchukua mkewe ni kazi ya miezi. Yafaa aijue kazi hiyo kabla ya kupeleka posa.

Kwanza ni fedha. Tarehe 11 Aprili 2024, serikali ya nchi ile ilipandisha mapato anayotakiwa kuwa nayo mwenye kumleta mwenzi wake, kutoka £18,600 zilizowekwa mwaka 2012 hadi £29,000 kwa mwaka. Mshahara wa mke aliyeko nyumbani hauhesabiwi, hata awe mwalimu. Tupige hesabu. Mwaka ule kima cha chini cha mtu mzima kilikuwa £11.44 kwa saa. Afanyaye kazi saa 40 kila juma, mwaka mzima bila kukosa, alipata kiasi cha £23,795. Alipungukiwa na zaidi ya £5,200. Je, mvuja jasho huyu ana haki ndogo kuliko tajiri ya kukaa na mkewe nyumba moja? Sisi twasema hapana. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba kipimo cha namna hiyo ni halali, lakini kanuni hazikujali ipasavyo maslahi ya watoto.

Hata hivyo, kulalamika hakumfikishi mke uwanja wa ndege. Mali bila daftari huisha bila habari. Mume na atunze hati za mshahara za miezi 6 na taarifa za benki zinazolingana nazo. Ndoa na iandikishwe, na kila hati ya Kiswahili ifasiriwe kwa Kiingereza na mfasiri anayeithibitisha. Mke naye afanye mtihani wa kusema na kusikia Kiingereza, tena apimwe kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa.

Wala bibi arusi asifichwe mambo. Viza ya kwanza ni ya miezi 33, na ukaazi wa kudumu huombwa baada ya miaka 5. Hati moja ya uongo yaweza kumfungia mlango miaka 10. Ndoa ni ya wawili. Na hesabu hii waifanye wawili, mapema, kabla ya ngoma kulia.