Dola milioni nne kwa gramu nane za dhahabu

Oktoba 2020, sarafu moja ya dhahabu yenye uzito wa gramu 8 hivi ilipigwa mnada London. Nyundo ya dalali ilishuka kwenye pauni milioni 2.7. Mnunuzi hutozwa pia ada ya nyumba ya mnada, na safari hii ilikuwa asilimia 20, kwa hiyo jumla ikawa pauni milioni 3.24, yaani zaidi ya dola milioni 4 za Marekani. Hakuna sarafu ya Kirumi iliyokuwa imefikia bei hiyo kabla ya siku ile. Lau mwenyewe angeipeleka kwa sonara wiki hiyohiyo ikapimwe na kuyeyushwa, angerudi nyumbani na takriban dola 500.

Pengo hilo la kutisha lina maelezo yake. Sehemu ya kwanza imo ndani ya sarafu yenyewe. Sehemu ya pili imo kwenye karatasi zinazoandamana nayo, na huko ndiko walikoumia hata wanunuzi wenye fedha nyingi na washauri wazuri.

Tuanze na sarafu. Aliyeamuru ifuliwe ni Brutus, yuleyule ambaye wasomaji wa Kiswahili wamemjua tangu Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, mwaka 1963. Tarehe 15 Machi mwaka 44 Kabla ya Kristo, Brutus na wenzake walimchoma Julius Caesar kwa majambia katika kikao cha Seneti. Baadaye akakimbilia mashariki, akakusanya jeshi, na jeshi linahitaji mshahara. Fedha za kuwalipa askari zilifuliwa hukohuko jeshi lilikokuwa likisafiri. Upande mmoja kuna kichwa cha Brutus na jina lake. Upande wa pili yamesimama majambia mawili, na katikati yao ipo kofia ya duara aliyokuwa akivaa mtumwa siku anapoachwa huru. Chini yake herufi sita: EID MAR, kifupisho cha siku ile ya katikati ya Machi. Askari aliyepokea ujira wake alikuwa ameshika mkononi tangazo la mauaji, likiwa na tarehe, silaha na sababu. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadaye, aliona inafaa kuitaja sarafu hiyo katika kitabu chake.

Kinachonigusa zaidi ni upande wa kichwa. Miezi michache tu kabla ya kuuawa, Caesar alikuwa Mrumi wa kwanza kuwekwa sura yake kwenye sarafu za Roma angali hai, jambo ambalo wengi waliliona ni la kifalme. Brutus alimuua kwa hofu ya ufalme huo. Haikupita hata miaka mitatu naye akaweka sura yake mwenyewe. Sijaona sarafu nyingine ya kale inayobeba mgongano mzito kiasi hicho kwenye kipande cha madini kisichozidi upana wa kidole gumba.

Uadimu wake unatokana na vita. Oktoba mwaka 42 Kabla ya Kristo, Brutus alishindwa vitani huko Philippi akajiua, na ufuaji ukakoma hapo. Zile za fedha, yaani dinari, zimebaki kama 100 hivi duniani. Za dhahabu zinazojulikana ni tatu. Zipo pia dinari bandia za enzi hizohizo, shaba iliyofunikwa ngozi nyembamba ya fedha. Ulaghai kwenye sarafu hii una umri sawa na sarafu yenyewe.

Halafu kuna ubora. Sarafu za Kirumi hazikutoka kwenye mashine. Fundi alichonga picha kwa mkono kwenye mihuri miwili ya chuma, kipande cha dhahabu kilichopashwa moto kikawekwa katikati, na nyundo ikapigwa. Pigo likipinda kidogo, herufi zinakatika ukingoni. Muhuri ukichakaa, pua ya mtawala inakuwa bapa. Wapima sarafu wa Marekani hutoa alama kwa mambo haya moja moja: pigo lilivyotua, na hali ya uso baada ya karne zote hizo. Ile ya London ilipewa 5 kati ya 5 kwa pigo na 3 kati ya 5 kwa uso. Kwenye soko hili, tofauti ya alama moja inaweza kuwa thamani ya nyumba.

Lakini ubora na uadimu havitoshi bila nasaba, yaani orodha ya mikono ambayo sarafu imepitia. Nchi kama Ugiriki, Italia na Uturuki huhesabu kila kitu cha kale kinachofukuliwa ardhini mwao kuwa mali ya taifa. Sarafu isiyo na historia inaweza kuwa imechimbwa usiku mwaka jana tu. Ile ya mwaka 2020 ilitangazwa kuwa imetoka kwenye mkusanyiko wa zamani wa baroni mmoja wa Ulaya. Waendesha mashtaka wa New York walichunguza wakakuta hadithi hiyo imetungwa. Mapema mwaka 2023 sarafu ikakamatwa, na Machi mwaka huohuo ikakabidhiwa kwa Ugiriki pamoja na vitu vingine vya kale. Bei ya juu kuliko zote ilikuwa imelipwa kwa sarafu ambayo muuzaji hakuwa na haki ya kuiuza.

Nasaba ya kweli huthibitishwaje? Hapa kazi ya mkono ya mafundi wale inamsaidia mtafiti. Kwa kuwa kila kipande kilipigwa peke yake, umbo la ukingo wake, ufa wake mdogo na nafasi ya picha juu yake havifanani na vya kipande kingine, kama alama za vidole. Madalali wa tangu mwisho wa karne ya 19 walikuwa wakichukua umbo la sarafu kwa plasta, wakalipiga picha, wakachapa kwenye katalogi. Mtafiti hukaa na katalogi hizo za zamani akilinganisha ukingo kwa ukingo. Akiikuta sarafu yako kwenye ukurasa wa mwaka 1910, hapo una ushahidi. Barua yenye jina la baroni, bila picha, ni maneno matupu.

Tazama sarafu nyingine ya Brutus ya dhahabu. Imetobolewa juu, huenda na mtu aliyetaka kuivaa shingoni, na kwa kawaida tundu huiporomosha bei. Lakini ilikuwa imejulikana hadharani kwa miongo mingi, na kwa miaka kadhaa ilionyeshwa British Museum kwa mkopo. Mwaka 2022 ilipouzwa Zurich, makadirio yalikuwa faranga 750,000 za Uswisi, na bei ikapita mara mbili ya hapo.

Njia nyingine safi ni kupatikana mbele ya macho ya watu. Machi 2019 mtu mwenye kifaa cha kutafutia madini aliokota shambani Kent, karibu na Dover, sarafu ya dhahabu ya Allectus, aliyeitawala Uingereza kuanzia mwaka 293 hadi 296. Ilifuliwa kwa mihuri ileile iliyotoa sarafu iliyopo British Museum. Sheria ya Uingereza kwa kawaida haiihesabu sarafu moja iliyookotwa peke yake kuwa hazina ya taifa, hivyo iliuzwa kihalali miezi michache baadaye kwa pauni 552,000, wakati makadirio hayakuzidi 100,000.

Wala si lazima iwe dhahabu. Desemba 2008, wakati mabenki yakiyumba dunia nzima, sestertio ya mtawala wa Roma Hadrian, sarafu ya shaba tu, iliuzwa Geneva kwa faranga milioni 2. Aliyeichonga alikuwa msanii wa daraja la juu, na sura ya mzee yule mwenye ndevu ilibaki nzima.

Kwa anayetaka kuanza, sarafu ndogo za shaba za enzi ya mtawala wa Roma Konstantino na wanawe bado hupatikana kwa bei isiyofika dola 50. Maswali ya kumwuliza muuzaji ni yaleyale ya milioni nne: ilitoka kwa nani, aliyemtangulia ni nani, na picha yake ya zamani iko wapi. Kuhusu Brutus wa dhahabu, mmoja yuko kwenye mkusanyiko wa benki kuu ya Ujerumani na mwingine ni mali ya Ugiriki. Anayeweza kurudi mnadani ni yule mwenye tundu.