Jinsi jeni zinavyofichua chimbuko la saratani iliyosambaa
Kwa wagonjwa wachache, wanaokadiriwa kuwa kati ya asilimia 2 na 5 ya wote wenye saratani, ugonjwa hugunduliwa ukiwa umekwisha kusambaa hadi kwenye ini, mifupa au tezi za limfu, huku kiungo ulikoanzia kikiwa hakijulikani hata baada ya skani na uchunguzi wa kipande cha uvimbe kwa hadubini.

Kipimo cha jeni hutumia ukweli kwamba seli za mwili hubeba takriban jeni zilezile, ila kila kiungo huziwasha baadhi na kuzizima nyingine, na seli ya saratani, hata ikihamia mbali, kwa kawaida hubaki na sehemu ya mpangilio huo, mithili ya msafiri asiyepoteza lafudhi ya kwao. Maabara hupima RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni zilizo kazini, kisha huilinganisha na ile ya saratani ambazo chimbuko lake linafahamika.

Kutambua chimbuko, hata hivyo, si sawa na kurefusha maisha. Jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2019 halikuonyesha nafuu kwa waliotibiwa kwa kufuata kipimo hicho, ilhali la Shanghai la mwaka 2024, lililopima jeni 90 na kuhusisha wagonjwa 182, lilionyesha ugonjwa ukidhibitiwa kwa takriban miezi 9.6 badala ya 6.6. Jibu la maabara lina uzito pale tu chimbuko linapokuwa na dawa zake mahususi, kama titi au figo. Kwa kongosho, ambalo tiba zake bado ni hafifu, hubadilisha machache.