Lishe ya Mama Mjamzito (3): Maharage yachemke kwelikweli, hasa milimani

Wiki iliyopita tulieleza kazi ya vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Leo tunaingia jikoni, kwenye swali ambalo wajawazito wengi huulizana: maharage ni salama? Wapo wanaoyaacha kabisa kwa kuogopa gesi na kiungulia. Jibu ni kwamba mjamzito ale maharage, tena mara kwa mara, mradi yameiva sawasawa.

Mkoani Morogoro hatuna sababu ya kuyakosa. Yanalimwa kwenye miteremko ya Uluguru, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimetoa mbegu zake chenyewe, zikiwamo SUA 90, Rojo, Mshindi na Pesa. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi za protini na zaidi ya robo ya foleti anayohitaji mjamzito kwa siku. Foleti ndiyo inayosaidia kumkinga mtoto na mgongo wazi. Uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Kwa hiyo anayetarajia kushika mimba aanze mapema, na vidonge bado anavihitaji.

Hatari iko kwenye maharage mabichi au yaliyoiva nusu, hasa mekundu. Yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje 4 au 5 mbichi zaweza kumtapisha mtu mzima na kumharisha ndani ya saa 1 hadi 3. Kwa mjamzito, kutapika huko hudhaniwa ni kichefuchefu cha mimba, huku mwili ukiishiwa maji. Akitapika mfululizo, awahishwe kituo cha afya.

Lektini huvunjwa na mchemko mkali. Sufuria ikiwekwa juu ya mkaa unaofifia, maji yakawa ya moto bila kutokota, sumu haivunjiki. Kwenye nyuzi 80 hivi yaweza hata kuongezeka. Hapa milima ina neno lake. Mjini Morogoro, mita 500 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 98. Katika vijiji vya juu vya Mgeta, mita 1,500 na zaidi, huchemka kwenye nyuzi 95 au chini ya hapo. Povu ni lilelile, lakini joto limepungua, na maharage huchelewa kuiva. Mama wa mlimani asipime kwa saa za dada yake wa mjini.

Utaratibu ni huu. Chagua, osha, kisha loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, kwa kuwa yamebeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi. Weka maji mapya, chochea moto, yatokote kwa nguvu nusu saa nzima. Baada ya hapo unaweza kupunguza moto mpaka yaive. Toa punje kadhaa, sio moja, uzibonyeze kwa vidole: zisagike zote bila kiini kigumu. Kwenye makande usidanganywe na mahindi yaliyolainika; bonyeza harage lenyewe.

Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaharibu vitamini B na kuongeza chumvi mwilini. Kuloweka ni bora zaidi. Kiporo kipashwe mpaka kitokote, na kilicholala kwenye joto kimwagwe. Chai isiandamane na maharage, maana inazuia madini ya chuma kufyonzwa; inywewe saa moja au mbili baadaye. Badala yake mama ale chungwa, pera au papai.

Haya yote yanahitaji maji na kuni, na kwenye miteremko ya Uluguru vyote viwili hubebwa kichwani. Tukimwachia mjamzito mzigo huo peke yake, atabana moto, na maharage yatapakuliwa hayajaiva. Mume anayeleta kuni za kutosha, na wifi anayeteka maji, wanashiriki kumlinda mtoto sawa na anayemsindikiza mama kliniki.

Wiki ijayo: karanga, mahindi na sumukuvu.