Mali ya Wote Ina Wenyewe

Yapo maneno ambayo kwa kusemwa mara nyingi hudhaniwa kuwa kweli, hata kama hayajapata kupimwa. Mojawapo ni kwamba mali ya watu wote haina mwenyewe, na kwa hiyo haikosi kuharibika. Mwaka 1968 mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Marekani, Garrett Hardin, aliyapa maneno hayo heshima ya kitaalamu. Alitoa mfano wa malisho yaliyo wazi kwa kila mtu. Kila mfugaji huongeza ng'ombe mmoja, kisha mmoja tena. Faida ya ng'ombe huwa yake peke yake, bali hasara ya nyasi hugawanyika kwa wote, hata malisho yakaisha. Wengi waliomsoma walikata shauri kwamba dawa ni mbili tu: ama Serikali iitwae mali hiyo, ama igawiwe watu binafsi.

Sisi hatuikubali hukumu hiyo, wala hatuikatai kwa ubishi mtupu. Tunaye shahidi. Elinor Ostrom, bibi msomi wa Marekani, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyotunza mali ya shirika. Mwaka 1965 alimaliza utafiti wake wa udaktari juu ya watumiaji wa maji ya visima kusini mwa California, ambao walikaa wakapatana kupunguza kuvuta maji kabla ya maji ya bahari kuviharibu visima vyao. Mwaka 1990 alitoa kitabu kilichokusanya habari za namna hiyo kutoka nchi nyingi, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alifariki mwaka 2012.

Katika kijiji cha Törbel, nchini Uswisi, sheria ya mwaka 1517 ilimkataza mwanakijiji kupeleka malishoni mlimani ng'ombe wengi kuliko wale awezao kuwalisha mwenyewe wakati wa baridi. Malisho yale hayakugeuka jangwa. Huko Alanya, Uturuki, wavuvi waliandika orodha ya mahali pote pa kutegea nyavu, wakapiga kura kila Septemba, kisha wakawa wanahama kwa zamu ili kila mmoja aonje bahati ya mahali pazuri. Lakini kwenye pwani ya Bodrum katika nchi hiyo hiyo, ambako wenye vyombo vidogo na wenye meli kubwa za kukokota nyavu hawakupata baraza la kuwapatanisha, uvuvi uliingia katika magomvi na hasara.

Basi kosa si ushirika. Kosa ni ushirika usio na kanuni. Bibi Ostrom aliona kwamba penye mafanikio mambo kadha wa kadha hayakosi: mipaka hujulikana, watumiaji wenyewe hushiriki kutunga kanuni, walinzi huwajibika kwa watumiaji, mkosaji wa mara ya kwanza huadhibiwa kidogo, na mwenye kurudia huongezewa, ugomvi huamuliwa karibu na bila gharama kubwa, na Serikali huitambua haki ya watu kujitungia utaratibu wao.

Msomaji asidhani kuwa haya ni ya ng'ambo tu. Hapa kwetu Tanzania, katika wilaya ya Babati, upo msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye hekta zipatazo 9,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikusudiwa kufanywa hifadhi ya Serikali. Wanavijiji hawakuridhika, maana ndimo walimopata kuni, dawa na malisho. Mwaka 1994 shauri lilibadilika: vijiji vinane vilikabidhiwa ulinzi, kila kimoja sehemu yake. Vikatunga sheria ndogo, vikateua walinzi wao wenyewe, na ukataji ovyo ukapungua. Fundisho hilo ni miongoni mwa yaliyofungua njia ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo inakiruhusu kijiji kumiliki na kuutunza msitu wake.

Lakini sheria iliyo katika makaratasi hailindi mti hata mmoja. Kiongozi wa kijiji atoaye kibali cha kuchoma mkaa bila kikao, au apokeaye faini asiiandike, huyo haibi fedha tu. Anawafundisha wenzake kwamba kutii kanuni ni ujinga. Siku watu watakapoamini hivyo, kila mmoja atachukua shoka lake, na mfano wa Hardin utakuwa kweli kwetu. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vijiji wasome hesabu za msitu, kisima na malisho mbele ya mkutano mkuu, bila kungoja kuulizwa. Tunawaomba wakubwa wa wilaya waziheshimu kanuni zilizotungwa na wanavijiji, wasizivunje kwa amri ya siku moja. Nanyi wananchi, msiuache mkutano kwa wachache kisha mkalalamika njiani. Mali ya wote ina wenyewe, nao ni ninyi.